Mbaruk wa Gazi: Mjukuu wa maliwali aliyekataa kumtoa ndugu yake

MSAFIRI anayevuka feri ya Likoni na kushika barabara ya kuelekea Lunga Lunga huipita Ukunda, akaiacha njia ya Kinondo upande wa baharini, na baada ya mwendo mfupi hufika katika kijiji cha Gazi. Hapa hakuna hoteli kubwa kama zile za Diani. Kuna minazi, mikoko, mitumbwi ya wavuvi na ghuba tulivu iliyokingwa na Chale. Wasafiri wengi hupita bila kugeuza shingo, haja yao ikiwa kufika Msambweni kabla ya jua kutua.

Hata hivyo, kwa muda wa takriban miaka 60 katika karne ya 19, kijiji hiki kilikuwa makao ya watu ambao mababu zao walitawala Mombasa kutoka ndani ya Fort Jesus. Hapa ndipo alipoishi Sheikh Mbaruk bin Rashid bin Salim al-Mazrui, kiongozi aliyewatia mashaka watawala wa Zanzibar kwa miaka mingi. Mnamo 1895, Uingereza ililazimika kuleta mabaharia wa manowari zake hadi milima ya Shimba ili kumtoa katika ngome yake.

Kuna wanaomkumbuka kama shujaa wa kwanza kupinga ukoloni katika pwani ya Kenya. Kuna pia wanaomkumbuka kama bwana wa watumwa, aliyekuwa mkali kwa majirani zake. Kumbukumbu zote mbili zina ukweli ndani yake, na hakuna njia ya kuzipatanisha bila kurudi nyuma na kuufuata ukoo wake, baba kwa babu, hadi pale ulipoanzia.

Mizizi ya ukoo

Asili ya Wamazrui ni Oman. Waarabu wa Oman waliiteka Fort Jesus kutoka kwa Wareno mwezi wa Desemba 1698, baada ya kuizingira kwa karibu miaka mitatu. Wareno walirejea kwa muda mfupi kati ya 1728 na 1729, kisha wakafukuzwa na wenyeji. Katika miaka ya 1730, mtawala wa Oman wa nasaba ya Yaarubi aliwakabidhi Wamazrui kazi ya uliwali wa Mombasa. Walikuja kama watumishi wa serikali iliyokuwa ng'ambo ya bahari, wala si kama wafalme.

Mambo yaligeuka katika miaka ya 1740. Nasaba ya Yaarubi ilianguka huko Oman, na nafasi yake ikachukuliwa na Ahmad bin Said, mwanzilishi wa nasaba ya Busaidi. Liwali wa Mombasa wakati huo, Muhammad bin Uthman al-Mazrui, hakuona sababu ya kumtii mtu ambaye jana walikuwa sawa kwa cheo. Alikataa kumtambua, na kukataa huko kulimgharimu maisha, kwani aliuawa na watu waliotumwa kutoka Oman. Ndugu yake, Ali bin Uthman, alinusurika, akapata msaada wa wenyeji na kuirejesha ngome mikononi mwa jamaa zake.

Tangu siku hiyo, uhasama kati ya Wamazrui na Wabusaidi ukawa urithi. Mtoto wa Kimazrui alizaliwa nao kama alivyozaliwa na jina lake.

Kwa karibu karne nzima, Mombasa ilijitawala chini ya ukoo huu. Utawala wao haukusimama kwa nguvu za silaha peke yake. Ulitegemea maelewano na Waswahili wa Mombasa wa makundi mawili makubwa, Thelatha Taifa na Tisa Taifa, pamoja na mapatano ya kale na Wamijikenda wa bara, wakiwemo Wadigo wa kusini. Kaya, zile ngome za msituni ambazo Kaya Kinondo ni mojawapo, zilikuwa sehemu ya mfumo huo wa ujirani. Watu wa pwani walihitaji nafaka, pembe za ndovu na wapiganaji kutoka bara, nao watu wa bara walihitaji nguo, bidhaa za majahazi na soko.

Pigo kubwa liliwafika mnamo 1812, jeshi la Mombasa na washirika wake wa Pate liliposhindwa na watu wa Lamu katika vita vya Shela. Lamu iliomba ulinzi wa Busaidi, na mlango wa kuingilia Afrika Mashariki ukafunguka kwa Sayyid Said bin Sultan, aliyekuwa na merikebu nyingi na subira kubwa.

Wamazrui walijaribu kujikinga kwa bendera ya watu wengine. Mnamo 1824, nahodha wa Uingereza, William Owen, alikubali ombi lao na kupandisha bendera ya nchi yake mjini Mombasa. Serikali ya London haikuupenda mpango huo, na kufikia 1826 bendera ilikuwa imeteremshwa. Alama iliyobaki ni jina la Port Reitz, linalomkumbuka Luteni John James Reitz, ofisa kijana aliyeachwa na Owen kusimamia mji na ambaye alifariki mwaka huo huo wa 1824.

Ngome yaanguka

Liwali Salim bin Ahmad, babu yake Mbaruk, alifariki mnamo 1835. Baada yake, jamaa waligombania cheo. Khamis bin Ahmad alishika madaraka kwa muda mfupi, kisha yakamfikia Rashid bin Salim, mwana wa marehemu. Ugomvi huo wa ndani ulienda sambamba na mpasuko wa nje, kwa sababu wakuu wa Thelatha Taifa walikuwa wamechoshwa na Wamazrui na kuanza kuzungumza na Sayyid Said. Vita vya panzi ni furaha ya kunguru. Mwanzoni mwa 1837, Sayyid Said aliipata Mombasa, mji ambao mizinga yake ilikuwa imeshindwa kuuchukua kwa miaka kadhaa.

Mara ya kwanza Rashid bin Salim aliruhusiwa kubaki mjini, ingawa ngome ilikuwa imemtoka. Lakini Sayyid Said hakuwa na nia ya kuacha makaa chini ya majivu. Muda si mrefu, viongozi wa Kimazrui wapatao 25 walikamatwa kwa hila, wakatiwa merikebuni na kupelekwa hadi Bandar Abbas, kwenye ghuba ya Uajemi. Hawakurudi tena. Rashid bin Salim, liwali wa mwisho wa Kimazrui, alikuwa miongoni mwao.

Hilo ndilo tukio lililomlea Mbaruk. Alikuwa mtoto mdogo baba yake alipochukuliwa. Hakurithi mji wala ngome, na kaburi la baba yake lilikuwa mbali, ng'ambo ya bahari. Alichokirithi ni jina, pamoja na deni ambalo watu wa ukoo wake waliamini kwamba Wabusaidi walikuwa hawajalilipa.

Makao mapya Gazi

Wamazrui waliosalia walikimbia Mombasa na kugawanyika mara mbili. Kundi moja lilielekea kaskazini na kufanya makao Takaungu, karibu na Kilifi. Kundi la pili lilishuka kusini na kukaa Gazi, chini ya uongozi wa Abdallah bin Khamis, mwana wa yule Khamis bin Ahmad aliyekuwa liwali kwa muda mfupi.

Gazi haikuchaguliwa kwa bahati. Ghuba yake ina maji matulivu ya kuegesha majahazi, mikoko yake hutoa boriti za kujengea, na nyuma yake kuna ardhi yenye rutuba inayopanda taratibu hadi milima ya Shimba. Palikuwa mbali kiasi cha kutoonekana kutoka Mombasa, ila si mbali kiasi cha kukosa habari za mjini.

Kufikia miaka ya 1870, uongozi wa Gazi ulikuwa mikononi mwa Mbaruk. Mashamba ya tawi hilo yalilimwa na watumwa, kama ilivyokuwa katika mashamba mengine ya Waarabu na Waswahili wa pwani wakati huo. Watumwa wengine walipewa silaha na kuwa askari wake. Baadhi ya Wadigo na Waduruma walifungamana naye kwa biashara na mapatano, na wengine walivamiwa, mazao yao yakachukuliwa na watu wao wakatekwa. Simulizi za pwani humtaja kwa ukali wake, na mojawapo inasema kwamba watu walioonekana wakosaji walifungiwa chumbani na kufukizwa moshi wa pilipili. Ni vigumu kuipima simulizi kama hiyo baada ya zaidi ya karne moja, lakini kule kudumu kwake vinywani mwa watu kunaonyesha jinsi jina la Mbaruk lilivyotisha kwa majirani zake.

Kwa hiyo anayetaka kumvisha Mbaruk joho jeupe la mkombozi hana budi kwanza kuwauliza wazao wa wale waliolima mashamba yake.

Ugomvi na Zanzibar

Sultan Barghash bin Said alipanda kiti cha Zanzibar mnamo 1870, na haukupita muda mrefu kabla ya Mbaruk kumuasi. Mapema miaka ya 1870 na tena mwanzoni mwa miaka ya 1880, watu wa Gazi walichukua silaha dhidi ya serikali ya Zanzibar. Mnamo 1882, Mbaruk alivamia Vanga, mji wa kusini kabisa wa pwani hiyo. Barghash alimtuma Lloyd Mathews, Mwingereza aliyekuwa ameliunda jeshi jipya la Sultan tangu 1877, aende kumkomesha.

Katika vita hivyo, Mbaruk aliitumia mbinu iliyokuwa siri ya nguvu yake. Alipoona pwani haikaliki, aliiacha Gazi na kupanda bara hadi Mwele, mahali penye msitu mnene katika eneo la milima ya Shimba, alikokuwa amejenga boma la magogo na miti. Manowari na mizinga ya baharini havikuwa na kazi huko. Mathews alilizingira boma na kulitwaa, lakini mwenyewe Mbaruk alikuwa ametoroka. Baadaye alisamehewa na kurudi Gazi, kana kwamba hakuna lililotokea.

Mchezo huo wa kuasi, kukimbilia msituni, kusamehewa na kurejea nyumbani ulikuwa na kanuni ambazo pande zote mbili zilizifahamu. Sultan hakuwa na uwezo wa kumng'oa kabisa, naye Mbaruk hakuwa na nguvu za kuitwaa Mombasa. Kila mmoja alimhesabia mwenzake hatua, na kila vita viliishia katika mazungumzo. Kosa kubwa la Mbaruk, kama ni haki kuliita kosa, lilikuwa kudhani kwamba wageni waliokuwa njiani wangeucheza mchezo kwa kanuni zile zile.

Bendera za Wazungu

Katikati ya miaka ya 1880, Ujerumani na Uingereza zilianza kuigawana Afrika Mashariki. Mbaruk, aliyezijua vyema habari za babu yake na bendera ya nahodha Owen, aliitazama hali hiyo kama nafasi. Alipandisha bendera ya Ujerumani Gazi, kwa matumaini kwamba taifa hilo lingemkinga na Zanzibar. Lakini mapatano ya 1886 kati ya mataifa hayo mawili yaliweka mpaka kuanzia Umba, kusini mwa Vanga. Gazi ikaangukia upande wa Uingereza, na hakuna aliyemuuliza Mbaruk wala Mdigo yeyote alipendelea upande gani.

Mnamo 1888, Kampuni ya Kifalme ya Uingereza ya Afrika Mashariki ilipewa hati yake na kuanza kusimamia pwani kwa niaba ya Sultan. Kampuni haikuwa na fedha za kutosha wala askari wengi. Ilichagua kumfanya Mbaruk rafiki, ikampa posho, naye akaisaidia kwa watu wake. Kwa miaka kadhaa pwani ya kusini ilitulia. Mzee wa Gazi aliendelea kuwa mkubwa wa nchi yake, na Wazungu walikuwa wageni wenye kulipa.

Urafiki huo ulisimama juu ya jambo moja ambalo halikuandikwa popote: kwamba mambo ya ndani ya ukoo wa Mazrui yangeachwa mikononi mwa Wamazrui wenyewe. Mnamo 1895, jambo hilo lilivunjwa.

Ugomvi wa Takaungu

Mapema mwaka huo, Salim bin Khamis, mkuu wa Wamazrui wa Takaungu, alifariki. Wawili walikuwa na madai ya kumrithi. Wa kwanza ni mwanawe, Rashid bin Salim, kijana aliyepatana na Kampuni. Wa pili ni mpwa wa marehemu, ambaye naye aliitwa Mbaruk bin Rashid, mwana wa mkuu wa zamani wa mji huo. Kwa desturi ya ukoo, mkubwa kwa umri na heshima ndiye aliyestahili, na wengi walimwona Mbaruk wa Takaungu kuwa ndiye. Kampuni ilimpitisha Rashid.

Mbaruk wa Takaungu alikataa uamuzi huo, akajitenga na mji pamoja na wafuasi wake, na nduguye Aziz akawa bega kwa bega naye. Mapigano yalizuka. Wakati huo huo Kampuni ilikuwa inafunga hesabu zake, na kufikia Julai 1895 serikali ya Uingereza iliichukua nchi moja kwa moja chini ya Arthur Hardinge. Hakukuwa tena na mfanyabiashara wa kubembelezwa. Aliyekaa upande wa pili alikuwa ofisa wa dola kubwa, aliyehitaji kuonyesha kwamba amri ikishatolewa hairudi nyuma.

Mbaruk wa Takaungu aliposhindwa kaskazini, alikimbilia kusini kwa jamaa yake wa Gazi. Ndipo likaja dai ambalo lilimweka mzee Mbaruk njia panda. Serikali ilimtaka awatoe wakimbizi.

Hapa ndipo maisha yake yote yanapokutana. Alikuwa mzee wa karibu miaka 60 au zaidi. Alikuwa na mashamba, posho na cheo, na uzoefu wa kutosha kujua nguvu ya manowari. Madai ya uliwali wa Takaungu hayakuwa yake. Angeweza kumtoa mgeni wake na kufa kitandani mwake Gazi. Lakini mtu ambaye baba yake alikamatwa kwa hila na kutiwa merikebuni angewezaje kumfunga ndugu yake kamba na kumkabidhi kwa serikali nyingine? Miongoni mwa Waarabu na Waswahili, kama ilivyo kwa Wadigo, aliyeingia nyumbani kwako kuomba hifadhi si wa kutolewa. Mkuu anayefanya hivyo hubaki na jina la ukubwa tu.

Mbaruk alikawia, akajaribu kuzungumza, na mwishowe hakumtoa. Julai 1895, majeshi ya serikali yaliingia Gazi. Mzee alikuwa amekwisha kuondoka kuelekea Mwele.

Vita vya Mwele

Safari hii Uingereza haikumwachia Sultan kazi hiyo. Admirali Harry Rawson aliteremsha mabaharia na askari wa majini kutoka manowari zake, wakaunganishwa na askari wa Kisudani na wa Zanzibar pamoja na msururu mrefu wa wapagazi. Walipanda milima ya Shimba kwa njia za msituni, katika joto na uhaba wa maji. Tarehe 17 Agosti 1895, walilishambulia boma la Mwele na kulitwaa. Lloyd Mathews, ambaye alikuwa amepigana na Mbaruk mahali hapo hapo miaka 13 iliyotangulia, alijeruhiwa begani.

Mbaruk alitoroka tena. Baada ya kuanguka kwa Mwele, vita viligeuka kuwa vya kuvizia, na kwa miezi kadhaa serikali ilijikuta inapigana na watu wasioonekana. Kaskazini, Aziz aliendelea kushambulia. Hamis bin Kombo, mkuu wa Waswahili wa Mtwapa, alijiunga na uasi. Malindi na Vanga zilishambuliwa, na misafara ikawa haina usalama. Miongoni mwa wapiganaji kulikuwa na Waarabu, Waswahili, Wamijikenda, watumwa wenye silaha na hata watoro waliowakimbia mabwana wengine. Kila kundi lilikuwa na sababu zake za kupigana, na si wote waliokuwa wakililia kiti cha Takaungu.

Machi 1896, kikosi cha askari kutoka India, wa Baluchistan, kiliteremka Mombasa. Huo ndio uliokuwa mwisho. Mwezi uliofuata, Mbaruk na mamia ya watu wake walivuka mpaka na kuingia Tanganyika, iliyokuwa chini ya Wajerumani, wakasalimisha silaha zao mbele ya Gavana Hermann von Wissmann. Mpaka ule uliochorwa mnamo 1886 bila kumuuliza ndio uliomwokoa miaka kumi baadaye.

Rawson naye alikuwa na kazi nyingine. Agosti 1896, alielekeza mizinga yake kwenye jumba la Sultan huko Zanzibar, katika vita vilivyomalizika kabla ya saa moja kutimia.

Wahamishwa wawili

Mizinga hiyo ilimlenga Khalid bin Barghash, aliyejitangaza Sultan bila idhini ya Waingereza. Khalid alikimbilia ubalozi wa Ujerumani, kisha akapelekwa Dar es Salaam. Hivyo mji mmoja ukawa na wahamishwa wawili chini ya hifadhi ya serikali moja. Mmoja alikuwa mwana wa Barghash. Mwingine alikuwa mtu ambaye Barghash alimwinda msituni. Uhasama wa miaka 150 kati ya Wamazrui na Wabusaidi uliishia hapo, pande zote mbili zikiwa zimepoteza.

Mbaruk bin Rashid alifariki Dar es Salaam mnamo 1910, bila kurudi kuishi Gazi. Khalid alikamatwa na Waingereza mnamo 1916, akahamishwa hadi visiwa vya mbali, na hatimaye akaruhusiwa kurejea Afrika Mashariki. Alifariki mnamo 1927, na mahali alipofia ni Mombasa. Mmazrui alifia ugenini kusini, naye Mbusaidi akafia katika mji ambao Wamazrui waliulilia kwa vizazi vitatu.

Baada ya bunduki

Bunduki ziliponyamaza, waliofuata walikuwa wapima ardhi. Ardhi ya walioasi ilitwaliwa na serikali. Mnamo 1908 ilikuja sheria ya hati za ardhi ya pwani, iliyomtaka kila mwenye dai alifikishe mbele ya msajili, alithibitishe na kupimiwa mipaka. Isiyodaiwa au isiyothibitishwa ilihesabiwa kuwa ya Serikali ya Kifalme. Sheria hiyo ilimfaa mwenye karatasi, shahidi na wakili mjini. Haikumfaa Mdigo ambaye shamba lake lilijulikana kwa mti alioupanda babu yake, na ambaye ardhi kwake ilikuwa ya ukoo, si ya mtu mmoja. Sehemu kubwa ya pwani ya kusini iliangukia mikononi mwa kampuni ya walowezi, East African Estates.

Huko kaskazini, Wamazrui wa Takaungu waliobaki upande wa serikali walitengewa ardhi, na ikatungwa sheria maalumu ya amana ya ardhi ya Mazrui. Sheria hiyo ilidumu hata baada ya Kenya kujitawala, ikafutwa mnamo 1989. Jina moja la ukoo lilipata hati upande wa Kilifi na kunyang'anywa upande wa Kwale, kwa kutegemea nani alisimama wapi mnamo 1895. Utumwa ulipigwa marufuku pwani ya Kenya mnamo 1907, lakini waliokombolewa wengi hawakupata ardhi waliyoilima. Waliendelea kuishi juu yake kama maskwota.

Ndiyo maana habari za Mbaruk hazijawa za kale kabisa katika eneo la Kinondo, Gazi na Msambweni. Mizozo ya mashamba, wamiliki wasioonekana na familia zisizo na hatimiliki inachipuka kutoka shina hilo. Anayechimba chanzo cha mpaka wa shamba fulani, akirudi nyuma ya kutosha, hukutana na msajili wa 1908, na nyuma yake askari wa 1895.

Ukoo wenyewe haukuishia msituni. Sheikh al-Amin bin Ali al-Mazrui, aliyezaliwa mnamo 1891, alikuwa mtoto mdogo vita vya Mwele vilipopiganwa. Alikuja kuwa mwanachuoni, mwandishi wa magazeti na Kadhi Mkuu wa Kenya tangu 1937 hadi kifo chake mnamo 1947, na ndiye aliyeandika historia ya maliwali wa Kimazrui wa Mombasa. Mwanawe, Profesa Ali Mazrui, aliyefariki mnamo 2014, alilifikisha jina hilo katika vyuo vikuu vya dunia. Walichokikosa mababu kwa upanga, wazao walikitafuta kwa kalamu.

Huko kusini, Kaya Kinondo ingali imesimama. Mnamo 2008 iliorodheshwa pamoja na kaya nyingine za Wamijikenda kuwa urithi wa dunia, na wazee wake huwaongoza wageni chini ya miti ambayo haikukatwa wakati wa Sultan, wa Kampuni wala wa walowezi. Msitu wa Mwele nao umo ndani ya hifadhi ya milima ya Shimba, wanakotembea ndovu na palahala. Na nyumba ya Mbaruk pale Gazi ilikuja kutumiwa kuwa shule.

Watoto wa wakimbizi, wa mabwana, wa watumwa na wa Wadigo waliovamiwa walijifunza kusoma chini ya paa moja, katika nyumba ya mtu aliyepoteza kila kitu kwa sababu hakumtoa mgeni wake. Anayetaka kumhukumu Mbaruk bin Rashid ana ushahidi wa kutosha wa kumtia hatiani na ushahidi wa kutosha wa kumheshimu. Historia ya pwani imembebesha yote mawili, na haielekei kwamba itampunguzia mojawapo.